Mwanasesere Mkongwe Katika Rangi za Maji

Ndugu msomaji, juma hili tutazame picha ambayo mtu mwenye haraka angeipita bila kugeuza shingo. Ndani yake hamna mfalme wala vita. Yumo mwanasesere wa zamani tu, aliyeshonwa kwa matambara, juu ya karatasi nyeupe.

Picha za namna hii zilichorwa nchini Marekani kuanzia mwaka 1935 hadi 1942. Msukosuko wa uchumi ulikuwa umewaacha wachoraji wengi bila kazi, na serikali ikaamua kuwalipa ili wachore vitu vya kale vya wananchi wa kawaida: mablanketi ya viraka, makabati, vyungu, na wanasesere wa nguo, wa mbao na wa nta. Zilipatikana picha zipatazo 18,000, nazo zimehifadhiwa katika jumba la taifa la sanaa mjini Washington.

Wachoraji hao walitakiwa kuchora kile walichokiona, pasipo kuongeza pambo. Walipaka rangi nyepesi za maji, tabaka juu ya tabaka, hata nyuzi za kitambaa zikaonekana. Doa liliachwa libaki doa, na mshono uliofumuka ukabaki umefumuka. Hapo ndipo penye utamu wa picha hizi. Uonapo shavu lililofifia, tambua kwamba hapo ndipo mtoto alipombusu. Na mkono uliolegea ndio aliozoea kuushika.

Sisi tunaoishi kambini tunalo la kujifunza. Amri ya uhamisho ifikapo, mizigo hufungwa usiku kucha, na kinachotupwa kwanza ni mwanasesere wa mtoto, wa matambara au wa nyuzi za mgomba, kwa kuwa hana bei sokoni. Nakiri kwamba nami nilifanya hivyo. Binti yangu hakulia. Alinyamaza njia nzima, na usiku ule, katika nyumba mpya, akaniuliza, "Mama, yeye atalala wapi?" Nilikosa jibu.

Basi, akina mama na akina baba, kabla hamjafunga sanduku, mtazameni yule mwanasesere kama mchoraji alivyomtazama. Ikiwa watu wazima walilipwa na serikali yao kuketi mbele ya kitu kama hicho na kukichora kwa heshima, sisi hatutashindwa kumpatia nafasi ndogo kati ya mashuka.