Ini Gumu Lisingoje Safari ya Upper Hill

Mgonjwa wa homa ya ini aina ya B akiambiwa huku Pwani kwamba ini lake linahitaji kupimwa ugumu, mara nyingi anajua safari ni ya Nairobi. Treni humshusha Syokimau, na bado ana mwendo hadi Upper Hill, mtaa wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi Hospital na kliniki za wataalamu.

Kipimo chenyewe hakiogofyi. Kifaa hugonga taratibu ubavuni upande wa kulia, mtetemo hupita ndani ya ini, na mawimbi ya ultrasound hupima kasi yake. Ini lenye makovu ni gumu, hivyo mtetemo hukimbia zaidi. Ni dakika chache, bila sindano ya kutoa kipande cha ini, na jibu hutolewa kwa kilopaskali.

Siipingi mashine. Ninachopinga ni kuifanya lango la kufikia dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unapendekeza mtu mzima mwenye virusi hivi atibiwe ugumu ukizidi kilopaskali 7, ukizidi 12.5, huashiria ini limeharibika sana. Mwongozo huo huo unakubali njia nyingine: hesabu iitwayo APRI, inayotokana na kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe sahani za damu. Ikizidi 0.5, inatosha kuanza dawa. Hizo ni kazi za maabara ya hospitali ya kaunti.

Dawa nayo si ngeni. Tenofovir imo katika kliniki za VVU kote Pwani. Je, mwenye homa ya ini pekee, asiye na VVU, anaipata wapi, na kwa bei gani?

Afya iligatuliwa 2013. Kaunti zetu sita zina Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Naiomba ikubaliane mambo matatu: kila anayekutwa na virusi afanyiwe APRI hapa hapa, anayestahili apewe dawa, na mashine ya kubebeka izunguke hadi Lamu na Hola kwa wenye majibu yenye utata.

Makovu ya ini hayaumi mapema. Anayekosa nauli leo hujiona mzima, na kesho huja tumbo limejaa maji.