Ukurasa wa Nyumbani: Bati, Dirisha na Sindano

Kiangazi kimefika. Mvua zimekwisha, njia zimekauka, na pamba imeanza kupelekwa kwenye mizani. Huu ndio wakati ambao sisi watu wa vijijini hutazama nyumba zetu. Wewe pia, toka nje uitazame yako. Izunguke yote. Tazama paa. Tazama kuta, hasa pale chini zinapokutana na ardhi. Kisha ingia ndani, funga mlango, utazame juu. Je, unaona nyota ndogo ndogo za mwanga? Hizo si nyota. Ni matundu ya kutu. Vuli ikianza, kila tundu litakuwa bomba juu ya kitanda chako.

Mwezi huu nazungumza hasa na wazee wenzangu, akina mama na akina baba waliofika miaka 60 na kuzidi. Vijana nao wasome. Wao ndio wanaotuambia tungoje.

Kuna jambo ambalo watu hawalisemi waziwazi. Mtu akizeeka, uvumilivu wake hupungua. Zamani uliweza kumngoja fundi wiki mbili bila neno. Sasa akichelewa siku mbili, moyo unawaka. Uzi ukifunga fundo, unaukata kwa meno na kukitupa kitambaa kando. Mjukuu akimwaga maji, unamkaripia kupita kosa lake. Watoto wanasema, "Siku hizi Bibi amekuwa mkali." Wanacheka, basi.

Mimi nasema ukali huo una sababu mbili, nazo hazifanani.

Sababu ya kwanza ni mwili. Magoti yanauma. Usingizi ni mfupi. Macho hayaoni karibu kama zamani. Mtu mwenye maumivu mchana kutwa atakuwaje mpole jioni? Sababu hii ina dawa, na nitaieleza mbele.

Sababu ya pili ni hesabu. Mzee anajua kuhesabu miaka. Kijana wa miaka 30 akisema, "Tutajenga pole pole, baada ya miaka 10 nyumba itakwisha," anasema kweli. Yeye atailalia. Lakini mtu wa miaka 68 akiambiwa maneno hayo hayo, anafanya hesabu yake kimya kimya, na jibu analipata. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Vijana huchagua methali ya kwanza wanapozungumza na wazee. Sijui kwa nini ile ya pili huwa wanaisahau.

Namjua mama mmoja wa kijiji cha jirani. Kiwanja chao walikipata wakati wa kuhamia vijijini, kati ya mwaka 1974 na 1976. Walijenga haraka kwa miti na udongo, kama wengi walivyofanya wakati ule. Baadaye waliondoa nyasi, wakaweka bati. Miti imebadilishwa mara nyingi, lakini nyumba ni ile ile. Sasa bati limeoza upande mmoja, na ukuta wa magharibi unaliwa na maji kila masika.

Mtoto wao anafanya kazi mjini. Alikuja mwaka jana akasema, "Mama, msihangaike na nyumba hii. Nitawajengea nyumba ya kisasa ya matofali." Alichora ramani kwenye daftari. Vyumba 4 na sebule. Msingi ulichimbwa. Mpaka leo ni mtaro tu, na mbuzi huingia humo kukwepa upepo. Mama yule alimwambia mwanawe, "Baba, nakushukuru. Lakini mvua ya mwaka huu nitalala wapi?" Kijana hakuwa na jibu. Simlaumu. Ana watoto wa kusomesha na kodi ya chumba ya kulipa. Lakini swali la mama lilikuwa swali la haki.

Basi mama na mzee wake waliamua kutengeneza nyumba yao ya sasa. Hapo ugomvi ukaanza. Fedha ya pamba haikutosha kila kitu. Mzee alitaka baraza la mbele lipigwe saruji, ili wageni wakae pazuri. Mama alitaka bati. Na baada ya bati, alitaka dirisha.

Tuanze na bati. Katika nyumba ya udongo, kazi ya kwanza huwa ni paa. Usidanganyike na rangi wala baraza. Maji yakipita juu yanaoza mbao, yanashuka ukutani, yanalainisha udongo, na mchwa anapenda mahali palipo na unyevu. Kabla ya kununua bati, panda au mtume kijana apande achome kenchi na papi kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kama kwenye mkate, ubao huo umekwisha. Usipigilie bati jipya kwenye ubao uliooza.

Dukani utaulizwa unataka geji gani. Watu wengi hukosea hapa. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 30 ni nene kuliko la geji 32. Mtu akikuambia geji 32 ni bora kwa sababu 32 inazidi 28, mshukuru uende duka jingine. Waambie mafundi wapige misumari juu ya mgongo wa bati. Isipigwe bondeni, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Tena paa litokeze nje ya ukuta. Likitokeza sentimita 60, mvua ya kawaida haitaufikia ukuta wa udongo kwa urahisi. Maji yanayodondoka chini yachimbiwe mfereji wa kuyapeleka mbali.

Juu ya ukuta nitasema kidogo tu. Watu wanapenda kupaka saruji juu ya ukuta wa udongo. Inapendeza mwaka wa kwanza. Lakini saruji ni ngumu, na udongo hulegea na kukaza kufuata unyevu. Viwili hivi haviendi pamoja. Ufa unatokea, maji yanaingia kwenye ufa, hayapati pa kutokea, na siku moja lipu inaanguka kama ganda. Lipu ya udongo uliochanganywa na mchanga na mavi ya ng'ombe, kisha chokaa juu yake, huenda vizuri zaidi na ukuta huo. Kila mwaka utairudia, kweli. Lakini utairudia kwa mikono yako, bila kwenda dukani.

Sasa dirisha. Mzee yule alicheka aliposikia habari ya dirisha. "Tumekaa miaka 50 bila dirisha kubwa," alisema. Nyumba zetu za zamani zina madirisha madogo kama mdomo wa mtungi. Tuliogopa baridi na wezi. Lakini mama yule anadarizi. Anadarizi mashuka na foronya za kuuza, na watu huja kumwagiza wanapokuwa na harusi. Tangu macho yapungue nguvu, ndani haoni kitu. Nje jua ni kali na upepo una vumbi, na shuka jeupe halitaki vumbi. Kwa hiyo alikuwa anafanya kazi mlangoni, saa 2 asubuhi mpaka saa 4, basi. Kila aliyepita mlangoni alimkinga mwanga. Kila aliyemkinga mwanga alipata maneno.

Unaona, msomaji? Watu wa nyumba ile walidhani wana bibi mkali. Kumbe walikuwa na bibi aliye gizani.

Tuzungumze juu ya macho. Mtu akifika miaka 40 hivi, ile lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kuwa ngumu. Haiwezi tena kujikunja vizuri ili kuona vitu vya karibu. Ndiyo maana unalipeleka gazeti hili mbali, mpaka mkono unakwisha. Huu si ugonjwa. Dawa yake ni miwani ya kusomea, na miwani hiyo hiyo ndiyo ya kushonea. Lakini ukiona ukungu, au mboni imekuwa nyeupe, huenda ni mtoto wa jicho. Huo hautoki kwa miwani, wala kwa dawa ya matone, wala kwa majani. Unatolewa kwa upasuaji hospitalini, na watu wengi huona tena. Nenda upimwe. Usikubali mtu akutie majani au unga machoni. Wako waliopoteza jicho zima kwa njia hiyo.

Ukiwa na miwani na mwanga, bado kazi ya sindano inataka akili. Kaa karibu na dirisha, mwanga utoke mkono wa kushoto kama unashona kwa mkono wa kulia. Hapo kivuli cha mkono hakiangukii kazi. Ukidarizi kitambaa cheupe, tandika khanga nyeusi au kaniki mapajani. Matundu ya kitambaa yataonekana vizuri. Ukishona kitambaa cheusi, tandika cheupe.

Uzi usiwe mrefu. Najua tunafanya hivyo ili tusitunge sindano mara nyingi. Lakini uzi mrefu ndio unaofunga mafundo, na mafundo ndiyo yanayoleta hasira. Kata uzi unaotoka ncha ya vidole mpaka kiwiko, inatosha. Uzi wa kudarizi una nyuzi ndogo 6 zilizolala pamoja. Chambua 2 au 3 utumie hizo. Uzichambue moja moja, kisha uziunganishe tena, hazitajisokota.

Kutunga sindano ndiyo taabu kubwa ya wazee. Mama yule amepata njia yake. Asubuhi, mjukuu kabla ya kwenda shule humtungia sindano 7, huzichomeka kwenye mto mdogo wa pamba. Bibi anatumia moja baada ya moja mpaka mchana. Mtoto naye hapati kelele, kwa sababu bibi hamwiti kila mara akiwa mchezoni. Kama huna mjukuu karibu, kata ncha ya uzi upande upande, uweke karatasi nyeupe nyuma ya tundu la sindano. Tundu litaonekana.

Na siku ambazo vidole vimevimba, usilazimishe mshono mgumu. Acha kujaza maua. Piga mshono wa mnyororo kwenye pindo, au fuma kwa kroshia, ambayo haitaki macho sana. Mikono iliyozoea inaijua njia.

Wako watakaosema kudarizi ni kazi ya kupitisha wakati. Basi wafanye hesabu. Tuseme fedha ya foronya 4 inanunua bati 1. Bibi akimaliza foronya 2 kwa wiki, kila wiki 2 amepata bati. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Septemba ni wiki 17. Hayo ni mabati 8, na foronya 2 zinabaki. Je, mtu aliyeleta mabati 8 hana neno juu ya mahali pa kuweka dirisha? Akina baba, naomba mlisome swali hili mara mbili.

Lakini wazee wenzangu, haraka yetu nayo ina hatari yake. Hatari kubwa iko kwa fundi. Mzee mwenye haraka humpa fundi fedha yote siku ya kwanza, akidhani amenunua mbio. Fundi aliyekwisha kula fedha yote ana sababu gani ya kurudi? Mpe ya kuanzia. Paa likifunguliwa na mbao kukaa, mpe nyingine. Bati likimalizika, ngoja umwagie maji au mvua ya kwanza ipite, ndipo ulipe iliyobaki. Andikeni makubaliano hayo kwenye karatasi, mbele ya shahidi. Tumejifunza kusoma na kuandika kwa kazi kama hizo.

Pia kuna kazi ambazo hazikubali haraka ya mtu yeyote. Ukimwaga sakafu ya saruji, kwa ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za mchanga na ndoo 4 za kokoto, sakafu hiyo inataka kufunikwa na kumwagiwa maji kwa siku 7. Chumba cha mita 3 kwa mita 3, sakafu yenye unene wa sentimita 5, kitakula karibu mifuko 3 ya kilo 50. Ukiingiza kitanda siku ya pili, umeitupa mifuko 3. Siku hizo 7 nenda ukakae kwa dada yako na sindano zako.

Mzee na mama yule walikubaliana hivi. Bati la upande uliooza litabadilishwa mwezi huu. Dirisha litakatwa ukuta wa mashariki kabla ya lipu ya udongo kurudiwa, maana ukikata baadaye utaharibu lipu mpya. Seremala amekwisha pima fremu. Baraza litangoja pamba ya mwakani. Mzee alinuna siku 3. Siku ya 4 alikwenda mwenyewe kupima ukuta kwa kamba, akamwuliza mkewe kiti chake atakiweka upande gani.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya jiko la kuni lisilojaza moshi nyumbani.