UCHAMBUZI: Mnada wa maneno Google wazidi kumbana mfanyabiashara mdogo

Jaji Amit Mehta wa Washington alipotoa uamuzi wake mnamo Septemba 2, 2025, gumzo lilikuwa juu ya Chrome, programu ya kupekulia mtandao ambayo serikali ya Marekani ilitaka Google ishurutishwe kuiuza. Jaji alikataa ombi hilo.

Hata hivyo, uamuzi huo ulikuwa na kipengele kingine ambacho hakikushughulisha watu wengi, ingawa kinamgusa mwenye duka, wakili na mwenye kampuni ya utalii, awe Chicago au Mombasa. Google haitalazimishwa kuwarudishia watangazaji uwezo wa kulipia neno walilolichagua, hilo hilo na si jingine.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka mnada wenyewe ueleweke. Kila mtu anapoandika maneno ya kusaka habari, mnada hufanyika kufumba na kufumbua. Watangazaji huwa wamekwisha kutaja maneno wanayoyataka na kiasi cha juu watakacholipa iwapo tangazo litabofywa. Lisipobofywa, hawadaiwi.

Utaratibu huo uliasisiwa mwaka wa 1998 na GoTo.com, kampuni ya Mmarekani Bill Gross. Google ilipouchukua mwaka wa 2002 iliongeza sharti: mwenye dau kubwa si lazima aongoze, kwani huzingatiwa pia uwezekano wa tangazo lake kubofywa.

Sasa tuseme kampuni ndogo ya utalii hupata faida ya Sh20,000 kwa kila mteja, kabla ya gharama ya matangazo. Iwapo katika kila watu 100 wanaobofya tangazo ni mmoja tu anayelipia safari, kampuni hiyo haiwezi kutoa zaidi ya Sh200 kwa kila mbofyo. Maneno “safari Kenya” yakipanda hadi Sh250, kila mteja ataiachia hasara ya Sh5,000. Wenye mtaji mkubwa huweza kuistahimili hasara hiyo wakitumai mteja atarudi. Mdogo hana subira ya aina hiyo. Ana kodi ya ofisi ya kulipa mwisho wa mwezi.

Kimbilio lake limekuwa maneno marefu yasiyogombewa: “safari ya siku tatu Amboseli kwa familia yenye watoto”. Wanaoandika hivyo ni wachache, lakini wanajua wanachokitaka. Mbofyo ukigharimu Sh40 na mmoja kati ya 25 akalipa, mteja amepatikana kwa Sh1,000. Hapo ndipo palipo na faida, na hupatikana kwa kuchunguza ni maneno gani hasa yaliyomleta mteja na yapi yaliyokula fedha bure.

Uwanja huo ndio uliopunguzwa mwaka baada ya mwaka. Mnamo 2014 Google iliamua kwamba hata mtangazaji aliyetaka neno lake pekee atahesabiwa maumbo yanayokaribiana nalo, kama vile umoja na wingi au makosa ya tahajia. Mwaka wa 2017 mpangilio wa maneno ukalegezwa, na 2018 yakaingizwa maneno mengine yenye maana ile ile. Anayeamua maana ni Google. Kisha Septemba 2020 ikapunguza ripoti inayoonyesha maneno yaliyoandikwa na wasakaji, ikitaja ulinzi wa siri zao.

Google hujitetea kwamba takriban asilimia 15 ya maswali ya kila siku hayajawahi kuulizwa, hivyo hakuna mtangazaji awezaye kuyaorodhesha yote. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini neno linapotanuliwa, watangazaji waliokuwa kila mmoja na kichochoro chake hujikuta katika mnada mmoja, na wanaposongamana bei hupanda. Anayefaidika ni dalali.

Isitoshe, dalali huyo ana mkono katika bei. Kesi iliposikizwa mwaka wa 2023, Jerry Dischler, aliyekuwa mkuu wa matangazo Google, alikiri kwamba marekebisho ya mnada yaliweza kuongeza bei kwa asilimia 5, na kwa baadhi ya maswali asilimia 10. Mbinu mojawapo ilikuwa kumwinua kwa hesabu mshindani anayefuata, ili aliye mbele alipe zaidi kuilinda nafasi yake. Mnamo Agosti 2024 Jaji Mehta aliamua kwamba Google ilihodhi soko la matangazo ya maandishi kinyume cha sheria, na kwamba iliweza kupandisha bei bila kuhofia mpinzani.

Baada ya maneno makali hivyo, nafuu ya 2025 ni ndogo mno kwa mtangazaji. Google imeagizwa kutangaza hadharani mabadiliko makubwa inayoyafanya katika mnada. Haikuagizwa kumfungulia data ya kila swali lililomletea mbofyo.

Hivyo mwenye kampuni ya Amboseli amebakiwa na njia ya mzunguko: kufungua ripoti iliyopunguzwa na kuorodhesha maneno asiyoyataka, moja baada ya jingine. Leo atakataza “picha”, kesho “bure”, keshokutwa “kazi ya udereva”, maana hata msaka ajira akibofya tangazo la safari, bili humfikia yeye.