Magari ya Umeme Yapimwe Katika Mlima wa Mgeta

Wenye viwanda vya magari duniani wamo katika mashindano makali. Kila baada ya miezi michache kampuni moja hupanda jukwaani, hufunua turubai na kutangaza pikapu au shangingi jipya liendalo kwa umeme; na kabla makofi hayajanyamaza, kampuni nyingine hujibu kwa kudai kwamba la kwake lina nguvu zaidi, huenda mbali zaidi, na bei yake ni ya chini. Hapa nchini mashindano hayo yanatazamwa kama inavyotazamwa mechi ya mpira wa Ulaya, kwa shauku kubwa lakini kama shughuli ya watu wengine. Huo ni mtazamo wa makosa. Magari hayo yako njiani, na siku yatakapofika kwa wingi, si mkulima atakayeyanunua kwanza. Yatanunuliwa kwa fedha ya umma, kwa fomu zitakazojazwa na kutiwa saini ofisini, na pengine kwa kutazama picha tu.

Kwa hiyo swali la gari lipi ni bora linawahusu watumishi wa umma tangu sasa. Lakini bora kwa kazi ipi? Mkoa wa Morogoro unatoa jibu lililo wazi kuliko vijitabu vyote vya matangazo.

Mji wa Morogoro uko kiasi cha meta 500 juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake imesimama milima ya Uluguru, ambayo kilele chake kirefu, Kimhandu, kinapita meta 2,600. Huko ndiko yanakoanzia maji ya mto Ruvu yanayonywewa na wakazi wa Dar es Salaam, na huko ndiko inakotoka sehemu kubwa ya mboga na matunda yanayopakuliwa alfajiri katika masoko ya mjini. Tarafa ya Mgeta hutoa kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere, pichi na plamu. Upande wa mashariki, Kinole na Matombo, hutoa ndizi, mananasi, karafuu na pilipili manga. Mali hiyo yote hushuka kwa njia za mlimani: kwa barabara inayoiacha lami ya Iringa pale Sangasanga na kupanda Mgeta, au kwa ile ya Bigwa inayopita Matombo kuelekea Mvuha na Kisaki. Hushuka kwa Canter, kwa Land Rover kuukuu, kwa pikipiki, na mara nyingi kwa kichwa cha mama aliyeamka saa tisa ya usiku.

Jambo moja katika biashara hiyo halibadiliki, na inafaa likumbukwe vizuri kwa sababu hoja yote imeegemea hapo. Mzigo hushuka. Gari hupanda likiwa tupu, au limebeba magunia machache ya mbolea na sukari, kisha hurudi bondeni likiwa limejaa hadi kwenye kamba.

Sasa yatazamwe magari yanayoshindana. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya Tesla ilionyesha pikapu yake iitwayo Cybertruck na kuahidi kwamba bei itaanzia dola 39,900, na kwamba lile lenye nguvu zaidi litakwenda zaidi ya maili 500 kwa chaji moja. Wanunuzi wa kwanza walikabidhiwa magari Novemba 2023, miaka minne baadaye. Bei ya chini iliyotangazwa siku hiyo ilipita dola 60,000, na maili zilikuwa 340 kwa aina moja na 320 kwa nyingine. Ford ilianza kutengeneza F-150 Lightning mwaka 2022 kwa sifa nyingi. Desemba 2025 ikatangaza kuachana na pikapu hiyo ya umeme mtupu, na kwamba itakayofuata itachukua injini ya kuzalisha umeme ndani yake. Hummer ya umeme ya General Motors ina uzito wa zaidi ya tani 4 kabla abiria hajafungua mlango. Gari la namna hiyo, likitia gurudumu kwenye daraja la magogo wakati wa masika, litakuwa limelibebesha daraja uzito wa Canter tupu, na halijachukua hata kabichi moja.

Rivian, nayo ya Marekani, ilionyesha R2 mwezi Machi 2024 kwa ahadi ya bei ya kiasi cha dola 45,000. BYD ya Uchina ilizindua pikapu yake ya Shark nchini Mexico mwaka huo huo, nayo haikuachana na petroli bali imechanganya injini na betri. Hayo ni magari mazuri kwa barabara za kwao na kwa mifuko ya kwao. Tofauti kati yao, ambayo magazeti ya motokaa hujaza kurasa nyingi kuieleza, ni tofauti ya sekunde ngapi gari linachukua kufikia mwendo wa kilometa 100 kwa saa. Barabara ya Mgeta haina mahali pa kufikia mwendo huo, ila kwa mtu anayetaka kwenda korongoni.

Kipimo chenye maana zaidi ni mzigo. Toyota, ambayo jina lake linajulikana katika kila kijiji cha nchi hii, ilitangaza Hilux mpya mwezi Novemba 2025, na safari hii ikaongeza aina ya umeme mtupu. Betri yake ni ya yuniti 59.2, mwendo wake ni kiasi cha kilometa 240, na mzigo wake ni kilo 715. Isuzu ilionyesha D-Max ya umeme mwaka 2024, yenye betri ya yuniti 66.9, nayo imebaki na uwezo wa kubeba kiasi cha tani moja. Kwa anayehesabu magunia, hiyo ndiyo habari. Pikapu ya Toyota imelipa gharama ya betri kwa kupunguza mzigo; ya Isuzu haikupunguza. Ofisa anayeagiza gari la kupeleka vitabu shuleni au chanjo zahanati aanze na mstari huo kabla hajatazama rangi ya viti.

Hata hivyo, gari linalostahili kutazamwa kuliko yote katika mashindano haya halitazamwi na mtu, kwa sababu si la kifahari. Ni Canter. Kampuni ya Fuso ilitoa Canter ya umeme mwaka 2017, na mwaka 2022 ikaonyesha toleo jipya lenye ukubwa wa betri wa aina tatu, kubwa kuliko zote ikifikia yuniti 124 na mwendo wa kilometa 200. Kwa safari ya Dar es Salaam na kurudi haitoshi. Kwa safari ya Mgeta, ambayo ni makumi machache tu ya kilometa kutoka mjini, inatosha na kubaki.

Na hapa mlima wenyewe unaingia katika hesabu. Gari la umeme linaposhuka, mota yake hugeuka kuwa jenereta: badala ya nguvu ya mteremko kuishia katika breki kama moto na harufu ya kuungua, sehemu yake hurudi katika betri. Mwalimu yeyote wa fizikia anaweza kuliweka jambo hili ubaoni. Tani moja ikishushwa meta 1,000 huachia nishati ya takriban yuniti 2.7. Lori tupu la tani 4 likipanda meta 1,000 hutumia kiasi cha yuniti 11 kuushinda mlima tu, mbali na zile zinazopotea katika matairi na mashimo. Likishuka na tani 3 za kabichi, uzito wa tani 7 huachia kiasi cha yuniti 19. Si zote zitakazookolewa, lakini hata nusu yake si haba. Nchini Uswisi, karibu na mji wa Biel, mafundi waligeuza lori kubwa la machimbo kuwa la umeme; likipanda tupu na kushuka na tani 65 za mawe, likazalisha umeme mwingi kuliko lilioutumia. Mgeta hakuna machimbo, ila mwenendo wa mzigo ni ule ule.

Liko sharti moja katika hilo ambalo muuza magari hatalisema. Betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea. Gari likichajiwa juu mlimani hadi pomoni, litashuka likitegemea breki kama lori jingine lolote. Kwa hiyo mahali pa kuchaji ni chini, Sangasanga au mjini, penye nyaya madhubuti, na huko juu gari lifike betri ikiwa imepungua. Wale wanaosema kwamba magari ya umeme yangoje mpaka kila kijiji cha mlimani kiwe na umeme wa kutosha wameiangalia milima hii kichwa chini miguu juu.

Umeme wenyewe upo. Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, lina mashine tisa zenye uwezo wa jumla ya megawati 2,115. Ya kwanza iliwashwa mapema mwaka 2024 na ya mwisho mwaka 2025. Mkoa huu ulikwisha kuwa na Kidatu na Kihansi. Tangu Juni 14, 2024 treni ya umeme imekuwa ikiwaleta abiria Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili. Lakini abiria huyo akishuka na kuelekea mlimani, anaurudia moshi wa dizeli iliyovuka bahari, ambayo bei yake husubiriwa na kila mwenye gari Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mafuta hayo hupita mjini yakiwa ndani ya matangi, na watu wa Morogoro hawahitaji kukumbushwa yaliyotokea Msamvu tarehe 10 Agosti 2019, tangi moja lilipopinduka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Wako watakaosema kwamba huu ni wakati wa kununua upesi, na kwamba Ethiopia imekwisha piga marufuku, tangu Januari 2024, kuingiza magari ya petroli na dizeli. Upesi si neno baya, lakini Morogoro ina kumbukumbu yake. Kiwanda cha viatu kilijengwa hapa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa mashine za kisasa na lengo la kuuza viatu hadi Ulaya. Jengo halikufaa kwa joto la Morogoro, vipuri vikakosekana, na kiwanda kikafungwa mwaka 1990 bila kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake. Mashine zilizoagizwa hazikuwa mbovu. Zilikuwa zimechaguliwa bila kuuliza zitakwenda kufanya kazi wapi, na katika mikono ya nani.

Mikono hiyo itoke wapi kwa magari haya? VETA Kihonda ipo hapa hapa, na chuo cha walimu wa ufundi stadi kipo. Fundi wa gereji ya mtaani anayesikiliza injini kwa sikio hana la kusikiliza katika mota ya umeme. Anahitaji kompyuta, na kompyuta hiyo wenye viwanda hupenda kuifunga kwa kufuli yao. Mkataba wowote wa ununuzi usiomlazimisha muuzaji kuifungua kufuli hiyo ni mkataba wa kununua gari na kuliacha nusu yake kiwandani. Arusha mafundi wamekwisha kugeuza magari ya watalii ya dizeli kuwa ya umeme, na Kenya vilevile. Land Rover za Uluguru, ambazo chasi zake zimewazika madereva wawili watatu, zingeweza kuwa somo zuri kwa Nyumbu pale Kibaha. Na Mahenge, kusini mwa mkoa huu huu, kuna madini ya kinywe, ambayo katika betri ya gari huingia kwa uzito mkubwa kuliko lithiamu. Kuyapeleka nje yakiwa unga na kuyarudisha ndani ya shangingi la mkurugenzi ni biashara ambayo wazee wa nchi hii waliijua tangu enzi za mkonge.

Shangingi hilo ndilo tatizo. Zamani watu wakubwa waliitwa Wabenzi kwa sababu ya magari yao, na hakuna ajabu kizazi kipya cha Wabenzi kikija na betri na kujiita walinzi wa mazingira. Gari la ofisa mjini hushinda limeegeshwa kivulini kwa saa nyingi za siku. Hata likiwa la umeme, haliokoi mafuta mengi. Lori la Mgeta halipumziki.

Halmashauri za Mvomero na Morogoro zinaweza kulimaliza jambo hili bila kamati ndefu. Lori moja la umeme na moja la dizeli, ya ukubwa mmoja, wapewe madereva wa Mgeta waliozizoea zile kona, kwa mwaka mzima, ili masika yawemo. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko mjini na Mzumbe kiko kando ya njia. Wanafunzi wao waandike yuniti, lita, pedi za breki, siku ambazo gari lilikwama, na kilo za mboga zilizooza kabla ya kufika sokoni. Lori la umeme likishindwa, iandikwe kwamba limeshindwa, na mahali liliposhindiwa patajwe. Mpaka daftari hilo lijae, fomu za kuagizia mashangingi ya umeme zinaweza kukaa kabatini.