Aliyerudi Njiani Si Mwoga



Kijana moja alikuja kwangu kisha ibada. Kazi yake ni kuchimba. Siku moja asubui, yeye na mwenzake waliona mawe madogo yanaanguka kutoka juu ndani ya shimo. Yeye akatoka. Mwenzake akabakia, sababu alikuwa na deni kwa mnunuzi, na tena hakutaka watu wamcheke. Yule mwenzake tulimzika. Sasa huyu aliyetoka hapati usingizi. Akaniuliza: "Baba Pasta, mimi niko mwoga?"

Sikumfungulia Biblia mara moja. Nilimwambia kwanza habari ya watu wawili wa mlimani. Leo ninataka ninyi pia muisikie.

Mlima Everest uko kwenye mpaka wa Nepal na Tibet, katika milima ya Himalaya. Ndio mrefu kupita milima yote ya dunia: metre 8,848. Mlima wetu mrefu wa Congo, Ruwenzori, unafika metre 5,109, na Lubumbashi iko kwa metre kama 1,200 tu. Kule juu ya Everest hewa ni nyepesi sana. Kila ukivuta pumzi, unapata theluthi moja tu ya oksijeni anayoipata mtu wa pwani ya bahari. Ukimtoa mtu chini na kumweka kule kwa ghafula, anazimia na anakufa upesi.

Kwa hiyo hakuna anayeupanda kwa nguvu za mikono tu. Mwaka 1953 ekipe ya Waingereza, shefu wao John Hunt, ilianza safari na wapagazi karibu 350. Walitembea kwa miguu zaidi ya juma mbili kufika karibu na mlima. Hata pale hawakuanza kupanda Everest. Karibu juma tatu walipanda milima midogo ya jirani na kujaribu masini zao za oksijeni, ili damu na mapafu vizoee. Kisha walijenga kambi moja juu ya ingine, wakipandisha chakula, hema na chupa za oksijeni. Mizigo mingi ilibebwa na Washerpa, wenyeji wa milima ile. Maji yenyewe ya kunywa ilifaa kuyayeyusha kutoka theluji.

Wa kwanza kutumwa kileleni walikuwa Tom Bourdillon na Charles Evans, ambaye alikuwa munganga wa kupasua. Tarehe 26 Mei walipanda toka asubui. Masini ya oksijeni ya Evans ikaanza kumsumbua njiani. Saa saba za mchana wakafika kwenye kilele kidogo cha kusini. Hapakuwa mtu aliyejulikana kuwa amekwisha kufika juu namna ile. Mbele yao waliona kilele chenyewe. Kwenda juu kulibakia kama metre 100 tu!

Ndugu, metre 100! Bourdillon alitaka kuendelea. Lakini Evans alihesabu: oksijeni iliyobaki, saa zilizobaki, nguvu za miguu. Wangefika labda, lakini kurudi wangerudi na nini? Wakageuka. Walikuwa wamechoka hata wakaanguka mara nyingi katika kushuka. Lakini walifika kwa kambi wakiwa wazima.

Siku tatu kisha, tarehe 29 Mei 1953, Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipanda njia ile ile. Asubui viatu vya Hillary vilikuwa vimeganda kama jiwe, akakaa saa mbili kuvipasha moto juu ya jiko. Hakukimbilia kilele na viatu vibaya. Saa tano na nusu wakasimama juu ya dunia. Walikaa pale dakika 15 tu, wakashuka.

Na sasa sikilizeni vizuri. Wakati Bourdillon na Evans walipanda, waliacha njiani chupa mbili za oksijeni, zimebaki na kiasi kidogo ndani. Hillary na Tenzing walizikuta, na katika kushuka zikawasaidia. Wale waliorudi waliwaandalia wale waliofika. Tenzing mwenyewe alikuwa mtu wa kurudi. Alianza kubeba mizigo kwenye Everest mwaka 1935. Mwaka 1952, yeye pamoja na Mswisi Raymond Lambert, walifika karibu metre 8,600, wakageuka. Kama angekaidi siku ile, nani angesimama kileleni mwaka uliofuata?

Kuko pia habari ya huzuni. Mwezi wa Mei 1996, watu wengi walipanda Everest siku moja. Kuko viongozi waliosema kwamba saa nane za mchana ni mwisho, aliyefika na asiyefika wote warudi. Saa ikapita, wengine wakaendelea, hata viongozi. Walikuwa wamelipa mafranga mengi, na kilele kilikuwa karibu. Zoruba ikawakuta katika kushuka. Watu 8 walikufa.

Hapo nilifungua Biblia pamoja na kijana wangu. Mithali 22:3 inamhesabu kuwa mwenye busara yule anayeona hatari na kuikimbia. Tena tulisoma 1 Mambo ya Nyakati 22. Daudi alitamani sana kujenga nyumba ya Mungu, lakini hakupewa kuijenga. Hakukaa na haya. Alikusanya mawe, chuma, shaba na miti, na Solomono akajenga. Sisi watu wa shaba tuelewe neno hilo: shaba ya hekalu iliandaliwa na mtu ambaye hakuliona hekalu.

Basi nikamwambia: "Mwanangu, hapana, wewe si mwoga. Ulimwita mwenzako?" Akasema, "Nilimwita mara tatu." Akalia. Mimi pia nililia. Kumlilia mwenzake ni haki yake. Kujihukumu kwa kuwa anaishi, hapana.

Wazazi, neno lingine ni lenu na langu. Nani anawafundisha vijana kwamba kurudi mikono mitupu ni haya? Mara ingine ni sisi, mtoto anapofika jioni bila kitu na uso wetu unabadilika. Tumpokee. Tumwambie aksanti kwa kurudi. Na ninyi vijana, mbele ya kushuka, mupatane kati yenu: alama gani tukiiona, sote tunatoka? Mupatane mkiwa inje, maana ndani ya shimo deni na tamaa vinasema kwa sauti kubwa.

Mwaka 1955 yule Evans aliongoza ekipe iliyofika juu ya Kangchenjunga, mlima wa tatu wa dunia. Yeye mwenyewe hakusimama kileleni. Aliwarudisha watu wake waliofika kule juu wakiwa hai.

Maulizo ya kuzungumza katika jamaa:
1. Kwetu nyumbani, anayerudi bila kitu anapokelewa namna gani?
2. Ni kazi gani tunaweza kuandaa leo, hata kama mwingine ndiye ataimaliza?

Bwana awalinde katika kushuka na katika kupanda.

Pasta wenu