Kumbukumbu ndizo zilizoukwamisha ushuru wa hisa

Maji ya bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, huzungusha mitambo ya kampuni ya KenGen. Mwaka 2006, serikali ilipouza asilimia 30 ya kampuni hiyo kwa Sh11.90 kila hisa, Wakenya wengi wa kipato cha chini waliingia katika soko la hisa kwa mara ya kwanza.

Miaka tisa baadaye walipata funzo jingine. Januari 2015, serikali ilirejesha ushuru wa faida ya mtaji uliosimamishwa mwaka 1985, kwa kiwango cha asilimia 5. Madalali wa hisa walitwikwa mzigo wa kuukusanya, nao wakakimbilia mahakamani.

Hoja yao ilikuwa na mashiko. Ushuru huo hutozwa faida, si mapato yote ya mauzo. Tuseme mkulima wa ndengu wa Masinga alinunua hisa za KenGen kwa Sh11.90, na jirani yake akanunua baadaye mwaka huo zilipopita Sh30. Wote wakiuza kwa Sh20, mmoja amepata faida na mwingine hasara, ilhali stakabadhi zao za mauzo zinafanana. Bila bei ya kununulia, dalali hana la kukokotoa.

Je, kumbukumbu hizo zingetoka wapi? Kampuni za udalali za Francis Thuo na Nyaga zilianguka mwaka 2007 na 2008, na wateja wengi wakalazimika kuhamia kwa madalali wengine.

Haikushangaza, basi, kwamba kuanzia Januari 2016 hisa za sokoni ziliondolewa katika ushuru huo. Walioendelea kuulipa, wakiwemo wauzaji wa ardhi, walipandishiwa kiwango hadi asilimia 15 mwaka 2023.

Marekani ilitangulia kujenga daraja. Sheria ya mwaka 2008 iliwataka madalali waripoti bei ya kununulia ya hisa zilizonunuliwa kuanzia 2011. Hivyo programu ya kuandaa ushuru huweza kuzipokea takwimu hizo moja kwa moja, na mlipaji hubaki na kazi ya kuzikagua.

Iwapo Kenya itarudia kutoza ushuru huo, haina budi kuanzia hapo: kumbukumbu za madalali zifike katika mtandao wa iTax kabla ya mwananchi kudaiwa. La sivyo, atakayeumia ni mnyonge aliyepoteza karatasi yake ya mwaka 2006.