Tarehe 33 Desemba
Wasimamizi wengi wa seva za Microsoft Exchange, matoleo ya 2016 na 2019, waliufungua mwaka 2022 wakiwa kazini. Barua pepe zilikuwa zimekwama kwenye foleni, wala kasoro haikuwa ya mtandao. Mkosaji alikuwa kichujio cha programu hasidi. Namba ya toleo lake ilikuwa ikitungwa kwa tarehe, mwaka ukitangulia. Januari Mosi ikawa 2201010001, ilhali nafasi ya biti 32 iliyotengewa namba hiyo mwisho wake ni 2147483647. Kichujio kikaanguka, na barua isiyokaguliwa seva haiiachilii. Mimi huwashangaa wanaokimbilia kuzima na kuwasha seva kila foleni inapojaa, kana kwamba ni redio ya mkulima. Fungua kwanza kumbukumbu za hitilafu, maana safari hii sababu ilikuwa imeandikwa humo waziwazi. Wenye haraka walikizima kichujio, barua zikaenda bila mlinzi. Baadaye Microsoft walitoa hati ya amri za kufuta injini ya zamani ya kichujio na kupakua mpya, iliyopewa namba 2112330001, yaani tarehe 33 Desemba 2021. Kalenda haina siku hiyo, lakini barua zilipita.